Doa la Mawese

Feruzi hafundishi kwa koni wala filimbi.
Alfajiri alinipeleka nyuma ya stesheni,
akamimina mawese kikombeni, pomoni,
akakiweka juu ya dashibodi.
“Maji hukauka, Sikitu. Haya yakimwagika
doa utalifua mpaka siku ya ndoa.”

Nikawasha.
Korola ikakohoa, ikaruka kama mbuzi aliyeona kamba,
na doa la kwanza likatua kwenye sketi ya kuazima.
Hakusema pole. Alisema: “Tena.”

Wiki tatu nilisoma kwa goti na kisigino:
namna klachi inavyonong'ona kabla haijashika,
wapi barabara ya Bangwe imeoza pembeni,
nani wa Katubuka hulipa kwa dagaa,
na dagaa wa lini.
Na kila tulipofika mteremkoni alinikaririsha,
jicho lake kwenye kikombe:

*Ukishuka Mwanga chini, gia ya pili ishike,
breki usiziamini, moshi wake usizuke,
mzigo weka butini, mwenyewe asisumbuke,
bei taja mlangoni, njiani isigeuke.*

“Umetunga wewe?”
“Breki zilipokatika ndipo nikatunga.”
Akashika goti lake la kushoto. Sikuuliza zaidi.

Mwezi wa tatu aplikesheni ikaingia Kigoma
bila hodi.
Vijana wakabandika simu kwenye vioo kama hirizi.
Treni ikatema watu, watu wakatazama viganja vyao,
wakatupita, taksi saba, milango wazi,
kama wapitavyo msiba wa mtu wasiyemjua.
Bitaliho aliuza matairi manne,
gari likabaki limekalia matofali.
Feruzi alihesabu kwa vidole:
Jumatatu, abiria mmoja.
Jumanne, mgonjwa, naye kwa mkopo.

“Bado unataka?”

Nilikuwa na leseni ya siku nne,
gari la mjomba lenye mlango usiofunguka kwa ndani,
na deni la kikoba la miezi kumi.
Nikasema nataka.
Usiku nikajisajili chini ya khanga, simu imefifishwa mwanga,
kana kwamba namwandikia mume wa mtu.

Nilidhani hajui.

Ijumaa simu ikalia: abiria yuko Ujiji, aenda stesheni, elfu tatu.
Yule mwanamke wa ndani ya simu
akatamka Buzebazeba
kama mwenye kiazi cha moto mdomoni.
Nikafika.
Feruzi amesimama, kanzu ya Ijumaa, kikombe mkononi.
Akakaa kiti cha nyuma.
Sikuwahi kumwona kwenye kioo,
na kwenye kioo ni mdogo.
Akanyoosha mkono katikati ya viti:
“Kiweke mahali pake.”

Njia nzima kimya.
Mwanga mvua ikatushukia.
Nikashika gia ya pili.
Mawese yakapanda mpaka ukingoni, yakafikiri,
yakarudi.

Stesheni akasogeza simu mbali na macho, akasoma.
“Elfu nne mia tano. Ujiji ilisema tatu.”
“Mvua,” nikajibu, kwa aibu kama niliinyesha mimi.
“Beti ina mistari minne, Sikitu.”
Akalipa yote, mpaka sarafu ya mwisho,
akauliza nyota zinabonyezwaje.
Nikamwonyesha.
Moja, mbili, tatu, nne.
Akairudisha simu mfukoni.
“Na ya tano?”
“Ulichelewa kuwasha wipa.”

Nikashuka kumfungulia ule mlango.
Akavuka mvuani, akaingia kwenye taksi yake,
akaketi, mlango wazi,
treni ya Tabora haijafika hata Luiche.

Kikombe aliniachia.

Simu ikalia tena: Bangwe, mama na madumu mawili.
Nilipofika nilitia madumu butini,
nikashusha kioo kabla hajapanda,
mvua ikinipiga kiwiko,
nikataja bei.