Koti la Kaki

Mwezi wa sita, baridi ya Iringa inauma hadi kwenye kucha,
tulikutana Boma, makumbusho matatu, chupa moja ya chai:
Isimila, ndiyo mimi, vumbi la korongo bado viatuni;
Kalenga, Bi Edesia Mhapa, daftari la wageni kwapani;
na Lusekelo wa Boma, mwenye nyumba, mwenye haraka.

Miaka yote tumepakana bila kuazimana hata kiberiti.
Mgeni akimaliza kwangu nilimwonyesha barabara ya mjini,
sikumwambia, "Pita na Kalenga."
Naye Bi Edesia, nasikia, aliniita "yule wa mawe."

Sasa siku moja, tiketi moja,
historia ishuke kabatini, itembee, watu waishike mkono.

Tukagombea nani atangulie.
Nikasema, jiwe. Lilikuwepo kabla ya mkuki,
kabla ya jina, kabla ya mtu wa kuuliza jina.
"Jiwe lako halina mjukuu," akasema Bi Edesia.
"Mkuki wangu unao, na wanakuja na viti vyao."
Chai ikapoa.

Mwisho tuligawana: mimi nigonge jiwe mpaka litoe makali,
Kalenga ilete ngao, ngoma, na wasusi wa vikapu vya milulu,
Boma itoe turubai, maji, na Wajerumani.

Wajerumani!
Kalamu ya Lusekelo ikasimama.
Orodha ya mashujaa ilijaa mpaka pambizoni,
mgambo, mwalimu wa michezo, fundi baiskeli, kwaya nzima ya vijana.
Ng'ambo ya pili karatasi tupu.
Hakuna mama aliyezaa Mjerumani Iringa hii.

Tukapiga kura ya vijiti. Kifupi kikamwangukia
Filemoni Chengula, dereva wa trekta, Mbena wa Njombe.
"Mnaona? Mgeni ndiye mbeba mzigo."
Alicheka, lakini kwa meno tu.
Wakamshonea koti la kaki kwa pazia la ofisi.

Siku ikafika. Watu wakatoka Ipogolo, Tosamaganga, Ifunda.
Niligonga jiwe, nikagonga na kidole.
Mtoto akatazama damu: "Na wao walikuwa na plasta?"
Kibao changu hakina jibu hilo.

Alasiri, Kalenga.
Filemoni akateremka na bunduki ya mbao,
nyuma yake vijana saba, weusi kama sisi,
maana Bi Edesia alikataa kulainisha:
mzungu mmoja, bunduki nyingi,
na mabega yaliyozibeba yalifanana na yetu.
Uwanja ukanyamaza. Hata wauza karanga.

Ndipo Luhuvilo, binti wa Filemoni, miaka mitano,
akachoropoka kwa mama yake, akapita katikati ya mikuki:
"Baba, usiwapige!"

Bunduki ikadondoka. Akambeba.
Ilipangwa afe hapo hapo, kwenye alama ya chokaa.
Mashujaa wakatazamana.
Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumuua mtu aliyepakata mtoto.
Mpiga ngoma, kwa kukosa la kufanya, akapiga.

Jioni Bibi Semgovano aligawa ulanzi.
Alipofika kwa Filemoni akampita,
akasimama, akarudi nusu hatua.
"Vua hilo kwanza."
Akavua. Akamiminiwa hadi povu likamwagika.
"Kamwene, mwanangu."

Mapato tuligawana bila kelele. Turubai likarudi Boma, ngao Kalenga.
Koti halikuwa na mwenyewe.
Boma hawalitaki kabatini, Bi Edesia hawezi kulala nalo nyumba moja.
Kulitupa, hakuna aliyethubutu kulisema.
Tukakubaliana kulilea kwa zamu, miezi minne minne.

Sasa liko kwangu, nyuma ya mlango, juu ya mawe yenye namba.
Jana usiku upepo wa korongoni ulizidi,
nikatazama huku na huku, nikalivaa.
Lina mfuko wa ndani.
Mfukoni, karanga tatu na pipi iliyolambwa nusu.