Zoezi la Shimanzi

Saa tatu asubuhi niliambiwa nife.
Mwanakombo, muuguzi wa Makadara,
akanifunga utepe mweusi mkononi,
akanong'ona, "Wewe usikohoe."

Tangi halikuwaka; moshi ulikuwa wa matairi.
King'ora kikalia. Buti za zimamoto zikaniruka,
zikaniruka tena, mbio kwa mwenye utepe mwekundu
aliyepiga mayowe kama aliyelipwa.
Siafu alinipanda shingoni.
Nikamwacha. Maiti hajikuni.

Afande Mwarandu akatazama saa:
"Dakika kumi na tisa. Wekundu nao wamekufa.
Rudieni."

Jioni mama alikuta utepe mfukoni mwa suruali yangu,
akauliza wa nini.
"Wa zawadi," nikamwambia.

Usiku lori la mafuta likapiga honi ndefu barabarani,
nikajikuta nahesabu dakika.