Fyuzi ya Kumi na Nne

Swichi hii nimeibonyeza miaka saba,
mbele, nyuma, kwa kidole gumba, kwa hasira,
nikipita Nyororo, nikishuka Kitonga nyuma ya malori ya mbao,
na dirisha la paani halikujibu hata kwa kikohozi.

"Limekufa," aliniambia Erasto,
enzi zile tukila sahani moja.
"Mota yake haipatikani nchini. Achana nalo."
Nikaachana nalo.
Mtu huzoea, kumbe, kuendesha na maiti utosini.

Leo niko Mafinga, gereji ya Luhwago,
ukungu umekalia mabati kama mgeni asiyeaga.
Luhwago hakimbilii spana. Anauliza.
Liligoma ghafla, au lilianza kwa kusuasua?
Ukibonyeza linanguruma, au kimya?

Kimya, nasema.

"Kimya ni umeme, mama. Kelele ni chuma."

Anajipenyeza chini ya usukani,
miguu nje, soksi ya kijani imetoboka kisigino,
anazihesabu fyuzi kwa tochi ya simu
kama anayekagua meno ya mtoto:
nzima, nzima, nzima,
halafu ananyamaza.

"Ya kumi na nne haipo.
Haijaungua. Haipo. Mtu ameing'oa."

Mtu.

Twilumba alikuwa na miaka sita.
Alisimama juu ya kiti, kichwa nje, shingo nje,
akiipa mipaini majina, mmoja mmoja, kwa kelele,
hadi tawi la mlingoti likapita
upana wa kiganja kutoka sikioni mwake.
Erasto alishika breki. Hakusema neno mpaka nyumbani.
Usiku nikasikia mlango wa gari.
Nikajua anatafuta simu.

Angeniambia tu.
Au ningebishana naye, ndiyo, ningebishana.

"Shilingi mia tano," anasema Luhwago,
kama ananiuzia karanga,
na fyuzi inaingia: tik.
Sasa linanguruma. Sasa ni chuma.
Relini, sindano za mipaini, unga wa mbao,
nyuki mmoja mkavu aliyekunja miguu.
Anazibua mifereji kwa waya wa breki ya baiskeli,
anamimina maji kwa kikombe cha chai
na sote tunainama kuyangoja
yatokee pale nyuma ya tairi la mbele.
Yanatokea, meusi.
Grisi, kiasi cha ukucha.

Linafunguka vidole viwili. Linasita.
Linafunguka lote.

Ukungu unashuka ndani, unanilowesha kope.
Kiti cha nyuma Twilumba anachomoa spika sikio moja:
"Mama, baridi. Funga."

Nafunga nusu.

Luhwago anafuta mikono, anauliza kama nataka risiti.
Nataka. Andika hakuna kilichokuwa kimeharibika.
Ananitazama, analamba ncha ya kalamu,
anaandika anachokijua yeye:
fyuzi moja, 500.
Usafi wa reli, 15,000.