Moto wa Kukodi

Uchochoroni, nyuma ya hospitali kubwa ya Lanzhou,
nina majiko tisa ya makaa.
Yuan moja kwa sufuria, chumvi haina bei,
na mwiko ukikuvunjikia, nyamaza tu, ninao mwingine.

Ramani sijaisoma, ila pua yangu imeisoma.
Pilipili ya kufisha ganzi ulimi: huyo katoka Longnan.
Mafuta ya kondoo na bizari: Linxia,
wale wa kofia nyeupe, huja na sufuria yao wenyewe,
nami siwaulizi, nawatengea jiko la mwisho.
Viazi, viazi, na viazi tena: Dingxi.

Hawaji kwa uzuri wa mji. Mto wenyewe tope.
Huja na picha za eksirei ndani ya mfuko wa mbolea,
wamezibana kwapani zisikunjike,
wakapanga foleni saa tisa usiku kusaka namba,
na namba ikipatikana, daktari huwatazama dakika nne.
Dakika nne!
Mimi yai tu nalikaanga kwa tano.

Mzee Dou Wancang alikuja na gunia zima.
Mkewe, Gaiqin, tumbo lilishakataa kila kigumu;
basi akivichemsha, akiviponda, akivichuja kwa kitambaa,
mpaka kiazi kikasahau kuwa kiazi.
Akaniambia, huku anapuliza makaa:
"Kwetu wilayani ipo mashine ya kuona ndani ya tumbo.
Mpya. Imefunikwa shuka la maua.
Aliyejua kuiendesha kahamia huku kwenu.
Sisi tumebaki na shuka."

Husemwa sikio la kufa halisikii dawa.
La Gaiqin lilikuwa linasikia vizuri sana;
dawa ndiyo iliyokuwa mbali, saa nne kwa basi,
na bima, kadiri basi lilivyosonga,
ikazidi kusinyaa.

Jioni moja akapita kijana wa koti jeupe,
yule anunuaye tambi pale kona kila siku.
Harufu ikamshika mguu.
"Vya wapi?" akauliza, na lafudhi aliyokuwa akiificha
ikamtoka mdomoni kama jino bovu.
Mzee akataja kijiji.
Machozi sikuyaona, nisiwadanganye.
Nilimwona akila bakuli zima, wima,
kisha akaandika kitu nyuma ya karatasi ya namba
akaenda zake, tambi kazisahau.

Karatasi ile iliwapa kitanda. Siku kumi na moja.
Ya kumi na mbili wakaambiwa: sisi mwisho wetu ni hapa,
nendeni Beijing.
Kumbe hata mji mkubwa una mji wake mkubwa.
Na wa Beijing, sijui wao huambiwa waende wapi.

Wancang alinirudishia mwiko, kauosha.
"Na kule," akauliza, "kuna moto wa kukodi?"
Beijing sijawahi kufika.
Nikamwambia upo.
Nikamwambia pitia mlango wa nyuma, ulizia tu.

Gunia lilibaki nusu. Sikupika, sikuuza.
Hili juma la tano. Viazi vimechipua gizani,
vidole vyeupe, virefu, vinapapasa ukuta
upande wenye dirisha.
Kila asubuhi navisogeza kidogo.

Yuan moja kwa sufuria, namwambia anayeingia.
Chumvi haina bei.