Kwanza Sindano

Takia la kumi na nne, kati ya ishirini na mbili,
ndipo ilipoanza kuruka.
Mshono mmoja, wa pili, wa tatu, kisha pengo
kama kinywa cha mtoto wa darasa la pili.
Nikarudi nyuma, nikashona juu yake. Ikaruka palepale.
Nikaikanyaga kwa hasira. Ikaruka kwa hasira.

Mabela, mwezi wa nane, saa nne za usiku,
na kiyoyozi cha gereji kinapumua kama mgonjwa.
Bwana Muhanna wa Barka anakuja kesho na pikapu yake:
majlisi nzima, kitambaa cha maruni, kingo za leksini ya dhahabu.
Alhamisi wanakuja kumposa bintiye.
Wageni hawataketi juu ya udhuru wangu.

Basi nikafanya lile nililokatazwa.
Nikakilaza kichwa cha mashine chali,
nikatoa bisibisi,
nikalegeza skrubu ya kulabu.

Riyasat, fundi wa Sialkot aliyeniuzia cherehani hii
siku alipofunga duka kule Wadi Kabir,
alinifundisha kwa Kiarabu chake cha sanaiya,
akikunja kidole kimoja kimoja:
awwal ibra. Kwanza sindano.
Kisha uzi: umepita kila tundu, au umelikwepa moja?
Kisha mkazo. Kisha bobini, imejazwaje.
Kulabu mwisho, mama. Na kabla hujaigusa
kunywa chai, ukalale, uamke, uitazame tena sindano.

Sikunywa chai.
Nilikuwa na ugonjwa mmoja; sasa ninayo miwili,
na haijulikani upi unamficha mwenzake.

Chini ya bamba la meno nikakuta sufi,
imeshikana tabaka kwa tabaka kama halua iliyolala:
kijani cha majlisi ya wale wa Samail,
kijivu cha viti vya basi la shule,
nyeupe sijui ya nani,
na chini kabisa, buluu ambayo sijawahi kuishona.
Hiyo ya Riyasat.
Nikaibandua kwa kibanio. Sikuitupa. Nikaiweka kwenye kisahani.

Rayya akashuka na simu yake kunimulikia.
Mjukuu huyu, Kiswahili akijuacho ni cha kukatazwa:
acha, toka, usiguse, utaungua.
Akainama, akachungulia, akauliza kwa Kiarabu
mbona mfereji wa sindano umeelekea ukutani.

Nikavaa miwani.

Mfereji mrefu hukaa kushoto, uzi unakoingilia;
hata kipofu hupapasa kwa ukucha akajua.
Na mimi niliibadilisha sindano magharibi, macho matupu,
nikimjibu Muhanna simu iliyobanwa begani.
Saa nzima nimeitukana mashine,
nikamtukana muuza uzi wa Ruwi, nikawagusa na Wajapani.
Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema.
Changu kilikuwa puani, mahali pa miwani.

Sindano, dakika moja. Kulabu, hadi saa saba.
Mkono wa kulia kwenye gurudumu, polepole:
sindano ishuke hadi mwisho wa kushuka,
ianze kupanda, kiasi cha unene wa punje ya mchele,
uzi ujifutue kitanzi kidogo upande wa nyuma,
na hapo, hapo tu, ncha ya kulabu iwe inafika
juu kidogo ya tundu,
ipite nyuma ya sindano
kama mtu apitaye nyuma ya anayeswali:
karibu, bila kumgusa.

Mara ya kwanza ikachelewa. Mara ya tano ikawahi mno.
Mara sijui ya ngapi Rayya akasema, kwa Kiswahili,
"Usiguse."
Nikakaza skrubu.

Nikatia kipande cha kujaribia: leksini mbili, maruni mbili,
kamba ya ukingo katikati.
Nikakanyaga kwa ncha ya kidole gumba.
Ta. Ta. Ta.
Nikageuza, nikatazama na chini. Hakuna pengo.

Yamebaki tisa.
Bandika chai, Rayya.
Kisahani kile, lakini, usikitumie.