Hiki, si Huyu

Kaka yangu Rubea kaleta sanduku kutoka Maskati:
vifaru kumi na viwili vya plastiki, kijivu kama dagaa mkavu,
vya vita vya mwaka elfu nne na ushei
kwenye sayari ambayo jina lake halitamkiki.
Na kitabu cha sheria, kurasa thelathini, Kiingereza kitupu.

"Kifaru huyu mbona hana pembe?"
"Hiki, mama. Si huyu. Hiki chuma."
Ruzuna ana miaka minane, na ngeli kanishinda.

Mimi kazi yangu mikono ya watu.
Hapa Wete wananijua: nimeshachora asumini
kwenye kidole cha mwisho cha bibi harusi
aliyekuwa akilia mpaka kitanda kinatikisika,
na ua halikwenda upande.
Lakini vita sivijui.
Nilitaka tu, akitoka chuoni,
anipishe na mimi kwenye mkeka wake.

Rangi hazikuwamo sandukuni.
Kijani tuliomba kwa fundi Mbarouk, masazo ya mlango wa duka.
Nyekundu ya taa za mbele ni rangi yangu ya kucha.
Kwenye maungio, piko; linaingia lenyewe kwenye mifereji
kama lijualo njia.
Tope la minyororo tulilisaga kwa makonyo ya karafuu,
ndiyo maana jeshi letu hadi leo linanukia.
Nikamfundisha: chovya brashi, ifute gazetini
mpaka udhani haina kitu,
kisha pitisha juu juu, kama unayempapasa mtoto aliyelala.
Kingo zikang'aa. Akanyamaza.
Kunyamaza kwa Ruzuna mnakujua nyinyi majirani.

Cha kwangu nikakitia ua mgongoni.
Moja tu, kwa ncha ya njiti ya chelewa.
"Mama! Hiki kinakwenda vitani, hakiendi kuolewa!"
"Kwani waendao kuolewa hawaendi vitani?"
Hakuelewa. Mwanaamina, jirani, alicheka hadi kumwaga chai.

Umeme ukakatika, tukawasha tochi ya simu.
Mlima wetu mbuzi ya kukunia nazi
(mbuzi hii, mama, si mbuzi huyu, najua, najua),
mto ni mtandio wangu wa buluu,
na utepe wa cherehani ndio unaosema
risasi ya mwanga inafika au haifiki.
Sheria tuliyoshindwa kuisoma tuliitunga.
Dadu likianguka nje ya mkeka, umepoteza zamu.
Atakayeita wa Isha kabla hajapiga, naye kapoteza.

"Piga basi, mama. Unaogopa?"

Mlio wa bunduki ya kweli niliusikia mara moja.
Nilikuwa mdogo kuliko yeye.
Mama yangu alitulaza chini ya kitanda, watatu,
akatufunika mkeka,
kana kwamba mkeka ni chuma.
Ukindu ule ulinichora shavuni, na asubuhi
alama ilikuwapo bado.
Hilo sikumwambia. Nilitikisa dadu.

Mbili.
Yeye akatupa sita, akatupa tano,
akapiga kelele hadi mbwa wa barabarani akajibu,
na kifaru changu chenye ua
kikabinuka ubavuni, penye ukingo wa mto.

Kwa sheria yetu, kilichokufa kinarudi sandukuni.
Alikiokota. Akakisogeza kwenye tochi,
akaugeuza mgongo, akalitazama lile ua
lisilozidi punje ya mtama.
Akapuliza vumbi ambalo halikuwapo.

"Huyu," akasema, "tusimtie sandukuni.
Alale hapa pembeni, kwenye mtandio."

Sikumsahihisha.
Nilikunja ncha ya mto, nikamfunika.