Mahame

Lile la kwanza mama aliliita mvua ndogo.
Mpemba haikimbii, alisema,
akapanda boti Wete na mkoba wake wa ukili,
akarudi Konde na titi moja
na kovu lililonyooka kama mshono wa mkeka.

Miaka minane tukalizoea.
Alilipaka mafuta ya nazi kila Ijumaa,
akilitaja kama watu watajavyo mahame:
palikaliwa hapa, wakahama, acha paote majani.

Mfunguo Sita, juu ya kovu, kikaota kijiwe.
Punje ya mbaazi.
Hatukuulizana. Shangazi Bikombo alitia ubani chetezoni,
na kila mmoja alijua: mwenyewe amerudi kwake.

Kikakatwa kipande, kikaenda chini ya hadubini.
Daktari Thuwaiba alichelewa kutuita.
Alikuwa, alisema, ameiuliza chembe mara tatu,
kama tunavyomuuliza kijana mgeni barazani:
wewe wa kwa nani?
Nayo ikajibu kwa lafudhi ya kwao,
kama muuza duka wa Kariakoo, neno moja tu
ushamjua Mpemba.
Si ya titi.
Ya shingo.

Tezi ya koo, ambayo haijawahi hata kufanya rovu,
ilikuwa na saratani yake, kimya,
na mwanawe mmoja akatoka usiku
kwa njia ambayo daktari mwenyewe haijui,
akayapita mapafu, akaipita mifupa,
akaenda kujenga juu ya mahame ya mwingine.
"Nadra," alisema daktari. Nikaliandika neno hilo
nyuma ya tikiti ya boti, kama namba ya simu.

Mama akajishika.
"Mie shingo nikidhani ya mkufu tu."

Sasa wiki ya pili hali chumvi ya dukani,
hali dagaa, hali pweza, hali chochote cha bahari,
kisiwani!
Anakula muhogo mweupe na kututukana.
Ndivyo dawa itakavyo: chembe ile ishinde na njaa,
kisha Dar es Salaam, chumba cha peke yake,
ameze madini joto yenye mionzi,
asimbebe mjukuu mpaka aambiwe.
Itakula, alisema daktari. Imekwenda mbali, imejenga kwa watu,
lakini chakula cha kwao haijakisahau,
na hicho ndicho kitakachoiua.
Inshallah, akaongeza,
polepole, kama mtu ahesabuye vidonge.

Lile la titi halili madini joto.
Likirudi, je? Hilo sikuuliza.

Jana usiku nilimkuta jikoni, taa haijawashwa,
kopo la chumvi mkononi, kifuniko wazi.
Hakuwa akionja. Alikuwa akinusa.
"Haina harufu," aliniambia.
"Umri wote huu, sikujua."